Majani ya mwezi wa tisa: ngitili za Shinyanga na hesabu ya umaskini

Usukumani, mwezi wa tisa ndio unaoamua nani atavuna vizuri mwakani. Mvua zimekatika tangu Aprili au Mei, mabua yameshaliwa, malambo yamekauka, na ng'ombe wanazunguka kutwa wakitafuta majani yasiyoshibisha. Wiki chache baadaye mvua ya kwanza itanyesha, na maksai waliobaki mifupa na ngozi watafungwa nira kuvuta plau kwenye udongo mgumu kama tofali. Kaya yenye maksai wenye nguvu hupanda na mvua za mwanzo. Yenye maksai dhaifu husubiri wiki mbili au tatu hadi wapate nafuu kwa majani mapya, au hukodi maksai wa jirani, ambaye kwa vyovyote atamaliza kwanza shamba lake. Mahali panapopata milimita 600 hadi 800 za mvua kwa mwaka, zote ndani ya msimu mmoja, wiki tatu za kuchelewa ni tofauti kati ya ghala lililojaa na nusu ghala.

Ngitili ni jibu la Wasukuma kwa tatizo hilo. Ni kipande cha malisho kinachofungwa mvua zinapoanza, majani yakaachwa yakue, yakomae na kukauka yakiwa yamesimama, kisha kikafunguliwa kiangazi kinapokolea, kuanzia Julai au Agosti hadi mvua zirudi. Ni ghala la majani lisilo na paa. Zamani hakikuwa cha kundi zima: kilitengwa kwa maksai, ndama, ng'ombe wa maziwa na wagonjwa wasioweza kwenda machungani mbali.

Ngitili inapotajwa siku hizi huelezwa kama mradi wa misitu. Ni kweli miti ilirudi, na ilirudi kwa wingi, lakini anayeanzia kwenye miti hataelewa kwa nini wakulima walikubali kufunga ardhi yao bila kulipwa.

Jinsi zilivyopotea

Shinyanga ilikuwa na miombo na migunga hadi karne ya 20 ilipoanza kukomaa. Kuanzia miaka ya 1920 utawala wa Waingereza uliendesha kampeni ya kufyeka vichaka ili kuua mbung'o, mdudu anayesambaza nagana kwa ng'ombe na malale kwa watu. Kampeni hiyo ilifaulu kwa kipimo chake yenyewe: mbung'o walipungua, watu na mifugo wakahamia maeneo yaliyokuwa hayakaliki. Kisha ikaja pamba iliyohitaji mashamba mapya, na Kahama ikaongeza tumbaku, zao linalokaushwa kwa kuni.

Pigo lililoziumiza ngitili moja kwa moja, hata hivyo, lilikuwa la miaka ya 1970. Operesheni ya kuwahamishia watu kwenye vijiji vya ujamaa iliwatenganisha wakulima na maeneo yao ya zamani. Ngitili si uzio. Ni makubaliano: jirani anajua mpaka wako unapita wapi, na wewe unajua wake. Mwenye eneo akihamishwa kilomita 10, hakuna wa kulinda wala wa kumwonea haya. Ng'ombe wa yeyote waliingia, na miti ikakatwa kuni. Ilipofika miaka ya 1980 sehemu kubwa za mkoa zilikuwa tupu kiasi kwamba watu walizitaja kama jangwa.

Mwaka 1986 serikali ilianzisha mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kwa kifupi HASHI, kwa fedha za Norwei na baadaye kwa ushirikiano wa kitaalamu na kituo cha utafiti wa kilimo mseto, ICRAF. Ulianza kama miradi mingi ya wakati ule: vitalu vikubwa, miche ya miti ya kigeni, kampeni za kupanda. Miche mingi ilikufa. Ilikuwa inahitaji maji katika miezi ileile ambayo watu hawana maji ya kunywa, na mbuzi waliimaliza iliyobaki. Maofisa walipoanza kuuliza watu wanataka miti ipi na wapi, ngitili ikajitokeza yenyewe. Haikuhitaji mche hata mmoja. Visiki na mizizi vilikuwa bado hai ardhini. Vilichokosa ni kupumzishwa.

Katikati ya miaka ya 1980 ngitili zilizokuwa zimeandikwa zilifikia takriban hekta 600 tu. Sensa ya mwishoni mwa miaka ya 1990 katika vijiji 172 ilikuta ngitili zaidi ya 18,000, jumla ya hekta 78,000 hivi, na karibu zote zilikuwa za kaya. Za jumuiya zilikuwa chini ya 300. Kufikia 2003 makadirio yalikuwa zaidi ya hekta 350,000 katika vijiji 833. Takwimu hizo zisomwe kwa uangalifu: hekta 600 za mwanzo ni zile zilizojulikana na ofisi, kwa hiyo sehemu ya ongezeko ni kuhesabu vizuri zaidi. Hata ukipunguza, yaliyobaki ni mengi. HASHI ilipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa mwaka 2002 na ikafungwa 2004. (Mkoa wa Shinyanga wa takwimu hizi ni ule wa kabla ya 2012, wakati Bariadi, Maswa na Meatu zilikuwa bado hazijaingia Simiyu.)

Ekari tano zinalisha nani?

Kosa la kwanza la anayeanzisha ngitili ni kutojua inabeba ng'ombe wangapi. Hesabu yenyewe si ngumu. Tengeneza fremu ya fito yenye upana na urefu wa mita 1. Majani yakishakomaa, mwezi wa sita hivi, itupe bila kuchagua mahali mara kumi ndani ya eneo, kata majani yote yaliyo ndani ya fremu kila mara, yaanike hadi yakauke kabisa, yapime. Gawanya kwa kumi upate wastani wa mita moja ya mraba.

Tuseme wastani ni gramu 150. Ekari moja ina mita za mraba 4,047, kwa hiyo ina takriban kilo 600 za majani makavu. Usilishe zote. Nusu ibaki, kwa sababu mbili: mashina yaliyobaki ndiyo yanayochipua mvua zikirudi, na majani yaliyolala ndiyo yanayozuia tone la mvua ya kwanza lisichimbe udongo. Ukiwa na ekari 5, una kilo 1,500 za kulisha.

Maksai wa kilo 250 hula kama kilo 6 za majani makavu kwa siku. Gawanya 1,500 kwa 6: unapata siku 250 za ng'ombe mmoja. Maksai wawili na ng'ombe mmoja wa maziwa watakula siku 83, yaani kuanzia katikati ya Agosti hadi mwanzoni mwa Novemba. Ndicho kipindi chenyewe. Kundi la ng'ombe 20 litamaliza majani hayohayo kwa siku 12 na kuanza kung'oa mashina.

Hapo ndipo ngitili nyingi hufia. Mwenye nayo huona majani marefu mwezi wa saba, akafungulia kundi zima kwa sababu ng'ombe wote wana njaa, na ifikapo mwezi wa kumi maksai wake hawana tofauti na wa jirani asiye na ngitili. Wanaofanikiwa hugawa eneo vipande vitatu au vinne, wakafungua kimoja kimoja, na cha mwisho hakiguswi hadi Oktoba. Ubora wa majani nao unashuka kadiri kiangazi kinavyosonga. Majani ya Septemba yanajaza tumbo lakini yana protini kidogo mno, hivyo maganda ya migunga yanayoanguka kipindi hicho ni chakula cha maana. Hii ndiyo sababu ya kwanza ya mfugaji kutaka miti ndani ya malisho yake.

Visiki, si miche

Eneo lililofungwa miaka miwili huanza kuonyesha vichipukizi kwenye visiki vya zamani. Vikiachwa bila kuguswa huwa kichaka: vijiti thelathini vinavyogombania maji ya mzizi mmoja, hakuna hata kimoja kinachokuwa mti, na chini yake majani hayaoti. Mbinu ya kuvitunza ilienezwa Nijeri kuanzia miaka ya 1980, na Dodoma inaitwa kisiki hai.

Chagua kisiki chenye vichipukizi vyenye afya. Acha vitatu hadi vitano vilivyonyooka na vinene, vilivyoshikana vizuri na kisiki chini karibu na ardhi; vingine vikate chini kabisa. Katika vile vilivyobaki, pogoa matawi ya pembeni hadi nusu ya urefu, usizidi. Ukipogoa juu zaidi unapata mti mwembamba wenye kichwa kizito, na upepo wa kiangazi utauinamisha. Panga liwe kali na mkato uelekee juu, maana panga butu huchana ganda na kuacha jeraha linalooza. Fanya kazi hii kiangazi. Funga kitambaa chenye rangi kwenye kila kisiki ulichotunza, ili mtafuta kuni na mchungaji wajue kuwa hicho kina mwenyewe. Rudi baada ya miezi mitatu hadi sita, kwa kuwa vichipukizi vipya vitakuwa vimetoka.

Baada ya miaka miwili au mitatu unaweza kuvuna shina moja kwa kila kisiki kwa ajili ya fito na kuni, ukaacha mengine yaendelee. Ukikata yote kwa mpigo unarudi mwanzo. Ndani ya shamba la mazao, miti kama 40 kwa hekta huwa haisumbui. Ndani ya ngitili inaweza kuwa mingi zaidi, lakini vilele vikianza kugusana punguza, la sivyo utabadilisha malisho kuwa msitu na kukosa kile ulichofungia eneo.

Moto ni adui mkubwa kuliko mbuzi. Majani makavu yaliyosimama ni petroli. Barabara ya moto ya mita 5 kuzunguka eneo, iliyopaliliwa hadi udongo uonekane, inatakiwa iwe tayari kabla ya Julai. Kipande kinachopakana na shamba la mtu kipewe kipaumbele, kwa sababu mioto mingi huanzia kwa mtu anayechoma mabaki ya shamba lake.

Dola 14 ni za nani?

Tathmini iliyotolewa mwaka 2005 na Wizara ya Maliasili na Utalii pamoja na IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa mazingira, ilikadiria kuwa mazao ya ngitili yalikuwa na thamani ya dola 14 kwa mtu kwa mwezi, wakati wastani wa matumizi ya mtu wa kijijini nchini ulikuwa dola 8.50. Takwimu hiyo imenukuliwa sana, na mara nyingi hunukuliwa vibaya, kana kwamba kila mtu Shinyanga alikuwa akipokea dola 14 mkononi.

Sehemu kubwa yake si fedha taslimu. Ni kuni, fito, nyasi za kuezekea, dawa za miti, asali, matunda, uyoga na malisho, vikihesabiwa kwa bei ambayo mtu angelipa sokoni. Kinachopungua ni matumizi na saa za kazi. Tathmini hiyohiyo ilionyesha kuwa kuwa na ngitili karibu kuliokoa saa 2 hadi 6 katika kutafuta kuni, saa ambazo kwa desturi ni za wanawake na wasichana. Haziingii katika mstari wa umaskini wa Taifa, ambao katika utafiti wa 2017/18 ulikuwa Sh 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi, na utafiti huo ukakuta asilimia 26.4 ya Watanzania wakiishi chini yake. Mama anayerudi na kuni saa nne asubuhi badala ya saa nane mchana hajavuka mstari wowote wa takwimu. Shamba lake, hata hivyo, limepaliliwa.

Jambo la pili ni kwamba wastani huficha. Ngitili ya kaya inahitaji ardhi ya ziada. Mwenye ekari 3 tu za kulima hawezi kufunga hata moja, na asiye na ng'ombe hana haja ya majani. Wenye ardhi kubwa na mifugo mingi ndio wenye ngitili kubwa, na wao ndio wanaopata sehemu kubwa ya thamani hiyo. Maskini kabisa hufaidika kwa ruhusa ya jirani kuokota kuni kavu na kukata nyasi, na ruhusa inaweza kuondolewa siku yoyote. Kadiri kuni zinavyopata soko mjini, ndivyo ruhusa hiyo inavyogeuka kuwa malipo.

Kwa hiyo ngitili ya kaya hupunguza umaskini wa mkulima wa kati, yule mwenye maksai wawili na ekari kumi na tano. Kwa asiye nacho, njia ni ngitili ya jumuiya, na hiyo ni ngumu zaidi kuiendesha.

Ya jumuiya inavyosimama, na inavyoanguka

Ngitili ya jumuiya huanza katika mkutano mkuu wa kijiji, ambao kila mkazi wa miaka 18 na zaidi ana haki ya kuhudhuria. Eneo hutengwa ndani ya mpango wa matumizi bora ya ardhi ya kijiji chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999. Likiwa na miti ya kutosha, kijiji kinaweza kulitangaza kuwa msitu wa hifadhi ya kijiji kwa Sheria ya Misitu ya 2002, na ushuru wa mazao ya humo ukabaki kijijini. Sheria ndogo hupendekezwa na halmashauri ya kijiji, hujadiliwa katika mkutano mkuu, kisha hupelekwa halmashauri ya wilaya kuidhinishwa. Hatua hii ya mwisho ndiyo inayokwamisha. Sheria ndogo inaweza kukaa kwenye faili la wilaya muda mrefu, na wakati huo wote faini inayotozwa kijijini haina nguvu mahakamani.

Usukumani pengo hilo lilizibwa na taasisi za wenyewe: dagashida, baraza la kimila linalotunga amri, na sungusungu, ulinzi wa jadi ulioanza mwanzoni mwa miaka ya 1980 dhidi ya wizi wa ng'ombe. Anayekamatwa akichunga ndani ya ngitili iliyofungwa hutozwa faini, na asiyelipa hutengwa: hasaidiwi msibani wala shambani. Adhabu hiyo inauma kuliko faini. Lakini ina kasoro ambazo watetezi wa mila hupenda kuziruka. Vikao hivyo ni vya wanaume, wakati wakataji wakuu wa kuni ni wanawake. Amri zinaandikwa bila wao, na wao ndio wanaokamatwa. Na mgeni au mfugaji mwenye makundi ya mbali haumizwi na kutengwa na watu asiowajua.

Ngitili ya jumuiya nyingine huporomoka kwa sababu ndogo zaidi: hakuna aliyejua itafunguliwa lini. Watu wakishindwa kutabiri, kila mmoja huingia usiku kabla ya mwenzake. Tarehe ya kufungua, idadi ya ng'ombe kwa kaya na siku za kuokota kuni vinapaswa kutangazwa mwezi wa tano, wakati majani bado mabichi na hakuna aliyebanwa na njaa. Idadi ya ng'ombe ikipangwa kwa kaya, wawili kwa kila kaya kwa mfano, asiye na ng'ombe naye ana nafasi mbili, na kijiji kinaweza kumruhusu azikodishe kwa mwenye kundi. Ikipangwa kwa ukubwa wa kundi, malisho ya wote yanakuwa ruzuku kwa tajiri.

Fedha nazo ziandikwe. Kijiji kikiuza nguzo au kukodisha malisho, mapato hutumika kwa madawati, ofisi au zahanati, na hayo ni mema, ila hayamfikii anayelinda. Mlinzi asiyelipwa chochote huanza kuuza miti anayoilinda. Kijiji kitenge sehemu inayojulikana ya mapato kwa ulinzi, kiibandike kwenye ubao wa matangazo pamoja na makusanyo ya robo mwaka, na mihutasari ipatikane kwa yeyote anayeiomba.

Mrithi na mnunuzi

Tishio la sasa halitoki kwa mbuzi wala moto. Baba mwenye ngitili ya ekari 12 na wana wanne anaacha vipande vinne vya ekari tatu, na kipande cha ekari tatu hulimwa. Karibu na miji kama Kahama, bei ya kiwanja hushinda thamani ya majani ya miaka mingi. Hati ya hakimiliki ya kimila husaidia kwa upande mmoja, kwa kuwa mpaka unaandikwa na mvamizi ana wa kumjibu. Kwa upande mwingine inamrahisishia mwenye nayo kuuza. Familia zilizoamua kuandikisha hati moja kwa majina ya ndugu wote pamoja, wake na mabinti wakiwemo, hulazimika kukubaliana kabla ya kugawa au kuuza. Ni njia ya polepole na yenye ugomvi. Ofisi ya ardhi ya wilaya hutoa fomu zilezile. Kinachobadilika ni idadi ya majina yanayoandikwa na picha zinazobandikwa, na swali hilo liulizwe siku ya kupima mipaka, kabla maofisa hawajaondoka kijijini.